Tahadhari kuhusu programu inayouzwa kama tiba ya Windows XP inayochelewa kutoka kwenye akaunti

Wanaoendelea kutumia kompyuta za mezani zenye Windows XP wajihadhari na muuzaji anayetangaza programu ya kuondoa tatizo la kompyuta kukwama kwenye ujumbe wa kuhifadhi mipangilio kila mtumiaji anapotoka kwenye akaunti yake. Mtego unaanza na uchunguzi wa bure: programu inazunguka kidogo, inaorodhesha mamia ya makosa kwa rangi nyekundu, halafu kitufe cha kurekebisha kinagoma mpaka ulipie leseni. Niliijaribu kwenye kompyuta iliyofutwa diski na kuwekewa mfumo upya, isiyo na intaneti wala programu nyingine, na ambayo ilikuwa inatoka kwenye akaunti papo hapo bila kusuasua. Hata hiyo iliambiwa kwamba rejista yake, yaani hazina ambamo Windows hutunza mipangilio yake, imeharibika vibaya.

Anayesita kulipa hupigiwa simu na mtu anayejiita fundi, ambaye humwelekeza aandike eventvwr.msc, amri inayofungua kumbukumbu za matukio ya Windows, afungue kumbukumbu za programu, kisha atafute maonyo namba 1517 na 1524 yanayotoka kwenye chanzo kiitwacho Userenv, sehemu ya Windows inayoshughulikia wasifu wa mtumiaji, yaani mafaili na mipangilio yake. Hapa ndipo hata watu waangalifu wananaswa, kwa kuwa maonyo hayo yapo kweli na yanahusiana kweli na tatizo lao. Uongo uko kwenye maelezo yanayofuata, kwamba eti ni dalili ya mdukuzi aliyekwisha kuingia. Ukweli hauna kishindo hicho: mtumiaji anapotoka, Windows inatakiwa kuifunga sehemu ya rejista iliyobeba mipangilio yake, na ikiwa kuna programu au huduma ambayo bado imeishikilia, mara nyingi ya printa au ya kuzuia virusi, haifungiki. Kwa kompyuta za ofisi ambazo wasifu wa mtumiaji huhifadhiwa kwenye seva, mfumo hurudia kujaribu mara 60, mara moja kila sekunde, na ndiyo maana dakika nzima hupotea huku skrini ikiwa haibadiliki.

Tatizo hilo Microsoft ililitolea dawa bila malipo, huduma ndogo iitwayo UPHClean, ambayo hulazimisha rejista iachiliwe na pia huandika kwenye kumbukumbu jina la programu iliyoing'ang'ania. Kuanzia Windows Vista kazi hiyo iliingizwa ndani ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo anayekudai fedha kwa faili hiyo, au kwa nakala aliyoibadilisha jina, anakuuzia kitu kilichotolewa bure, na huna njia ya kujua ameongeza nini ndani yake. Anayetaka kumtafuta mkosaji mwenyewe aandike msconfig, amri inayofungua orodha ya huduma zinazoanza pamoja na Windows, afiche huduma za Microsoft, azime zilizobaki, kisha azirudishe moja moja huku akijaribu kutoka kwenye akaunti kila mara.

Baada ya kulipiwa, programu inafanya jambo ambalo binafsi naliona baya kuliko wizi wa fedha. Nililinganisha rejista ya kabla na ya baada: WaitToKillAppTimeout, muda ambao Windows huisubiri programu ijifunge, ambayo kwa kawaida ni milisekunde 20,000, ilikuwa imepunguzwa mno, na AutoEndTasks imewekwa 1. Yaani Windows imeamriwa iziue programu zilizo wazi bila kuuliza wala kusubiri, hivyo mtu hutoka haraka kweli, lakini waraka ambao hakuuhifadhi unapotea, wakati onyo namba 1517 linaendelea kujiandika kama zamani. Muuzaji hakuulizi hata swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza, iwapo kinachochelewa ni kutoka kwenye akaunti au ni kuzima kompyuta, ingawa hayo ni matatizo mawili yenye sababu tofauti.

Mbinu ya kuuza matengenezo kwa uchunguzi wa uongo si ngeni. Machi 2019, Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyodai kuwa matokeo ya programu yao ya ukaguzi yalitegemea majibu ambayo mteja alijaza mwanzoni, si hali halisi ya kompyuta yake.

Muuzaji akikwambia kwamba anachouza ni sasisho rasmi, fahamu kuwa Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na haina desturi ya kumpigia simu mtu ambaye hakuomba msaada. Akikutaka uzime kinga ya virusi au umruhusu aiendeshe kompyuta yako kutoka mbali, kata simu. Aliyekwisha kumruhusu achomoe waya wa mtandao, abadilishe nywila zake kwa kutumia kompyuta nyingine, na leo hii aiombe benki iifunge kadi aliyolipia, kabla ya kuhangaika na jambo lingine lolote kwenye mashine hiyo.