Wireshark kwa anayesomea Security+: inafaa kweli?

Inafaa, tena sana. Kama unasomea Security+, cheti cha usalama wa mtandao cha CompTIA, na umejaza daftari majina ya mashambulizi, weka daftari pembeni kidogo upakue Wireshark, programu ya kunasa na kusoma data zinazopita kwenye mtandao. Ni ya bure kabisa, ipo tangu 1998 enzi ikiitwa Ethereal, hili jina la sasa lilikuja 2006.

Mtihani wa Security+ (SY0-701) ni maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na shida ni kwamba swali haliji na jina la shambulio, linakuja na dalili. Unawekewa jedwali la ARP, lile linalooanisha IP (anwani ya kifaa kwenye mtandao) na MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), IP mbili zina anwani moja ya MAC na mojawapo ni IP ya rauta, haya sema nini kinaendelea. Aliyekariri anaanza kubahatisha, aliyeshaona paketi (vipande vya data) zenyewe anajua hapohapo kuna mtu kajifanya rauta anapitisha data za wenzake kwake. Na Wireshark haikuachi gizani, inakuandikia yenyewe kwamba IP hiyo inatumiwa na MAC mbili.

Nilichokipenda zaidi ni filta, yaani kuchuja ubaki na paketi unazozitaka tu. Andika tcp.flags.syn==1 && tcp.flags.ack==0 ubaki na SYN tu (maombi ya kuanza muunganisho), halafu angalia namba za poti (milango ya huduma za seva) kwenye safu ya Info. SYN zikiwa zinamiminika kwenye poti moja tu, tuseme 443, na ukitoa filta unaona seva inajibu SYN-ACK (nimekubali) na hakuna anayemalizia na ACK (haya tuanze), hayo ni mafuriko ya SYN, seva inabaki na miunganisho nusunusu mpaka inazidiwa. Zikiwa zinarukaruka 21, 22, 23, 25, 80 na ukitoa filta unaona RST (umekataliwa) zinarudi kibao, hapo mtu anaskani poti anatafuta mlango. Haya mawili watu wanayachanganya sana, na ukiyaona kwa macho dakika tano tu hayakuchanganyi tena.

Huna haja ya kusubiri ushambuliwe, tovuti ya wiki ya Wireshark ina mafaili ya mifano mengi tu, we chagua ufungue.

Kasoro zipo. Mara ya kwanza ukiifungua skrini inatisha, mistari na rangi kila kona. Faili likiwa kubwa laptopu ya RAM ndogo inalia. Shambulio la kuwatoa watu kwenye waifai ni gumu kulinasa ukiwa na Windows, kadi nyingi hazikubali kusikiliza hewani, bora faili la mfano. Na mambo ya kutapeliwa kwa simu au meseji haitakufundisha, hayo yasome kwingine. Mi naipa nyota nne kati ya tano.

Ila jamani, nasa mtandao wako mwenyewe tu, siyo waifai ya ofisi au ya hosteli bila ruhusa. Kunasa mawasiliano ya watu ni kosa, Tanzania kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 na Kenya kwa ile ya 2018. Rauta ya nyumbani na simu yako vinatosha kabisa kuanzia.