Viwango vya wachezaji katika ligi ya gofu ya mtandaoni: uzoefu wangu na mfumo wa pointi na mfumo wa mikwaju

Ligi ninayoitathmini hapa huchezwa kwa PGA Tour 2K23, mchezo uliotengenezwa na studio ya HB ya Kanada na kutolewa Oktoba 2022, na wanachama wake wametawanyika kuanzia Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hadi Muscat na miji kadhaa ya Uingereza. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza kamati yake imekwisha kuzirekebisha na nyingine bado inazijadili. Ninachotaka kukieleza ni namna inavyowapanga wachezaji wake kwa viwango. Nikiwa mwanachama nimeshuhudia mifumo miwili tofauti, na mabadiliko hayo yaligeuza kabisa aina ya watu wanaoongoza jedwali, idadi ya mashindano ambayo mtu analazimika kucheza ili asisahaulike, na ari ya wachezaji wa katikati ambao hawatarajii kutwaa kombe lakini wanataka kujua kama wanaendelea au wamedumaa.

Mfumo wa kwanza ulikuwa wa kujikusanyia pointi. Kila wiki kulikuwa na shindano moja. Mshindi alipewa pointi 100, wa pili 80, na kuendelea kushuka hadi pointi 5 kwa kila aliyemaliza raundi zake, halafu pointi hizo zilijumlishwa tangu mwanzo wa msimu bila kupungua. Ni mfumo rahisi kuueleza, na kwa ligi changa ya watu wachache unafaa, maana unawavuta watu kucheza. Lakini ligi ikikua, unaanza kupima muda badala ya uwezo. Mtu aliyecheza kila wiki na kumaliza nafasi za kumi na kuendelea alimpita aliyeshinda mashindano matatu kisha akasafiri kikazi. Tena pointi zilikuwa zilezile bila kujali nani alishiriki, kwa hiyo wiki za Ramadhani na za sikukuu za mwisho wa mwaka, wachezaji wazuri wengi wanapokuwa na shughuli za nyumbani, ndizo zilizokuwa wiki za kuvuna.

Gofu halisi ilikutana na tatizo hilo zamani. Orodha rasmi ya viwango vya dunia, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 1986 Bernhard Langer wa Ujerumani akiwa nambari moja, haijumlishi tu pointi. Inahesabu matokeo ya miaka miwili, matokeo ya wiki 13 za karibuni yakibaki na uzito kamili na ya nyuma yakipungua polepole hadi yafutike. Jumla inayopatikana hugawanywa kwa idadi ya mashindano aliyocheza mtu, na kigawanyo hakiwezi kuwa chini ya 40, ili asitokee wa kucheza mara chache sana akajikuta kileleni. Tangu Agosti 2022 nguvu ya kila shindano hupimwa kwa ubora wa wachezaji wote walioingia, si wale wakubwa peke yao. Kamati ya ligi yetu ilipoamua kubadilisha mfumo, mawazo hayo mawili, kupungua kwa matokeo ya zamani na kupima nguvu ya washiriki, ndiyo yaliyochukuliwa kwanza, na naamini ulikuwa uamuzi sahihi.

Mfumo wa sasa haugawi pointi kwa nafasi. Unachukua mikwaju ya mchezaji, yaani mipigo aliyotumia (katika gofu michache ndiyo bora), unailinganisha na wastani wa wote waliocheza uwanja huo wiki hiyo, kisha unaongeza wastani wa viwango vya washiriki wenyewe. Tuchukue mfano. Wiki moja uwanja ni mwepesi na wastani wa washiriki ni mikwaju 66.4; ukipiga 64, umewazidi kwa 2.4. Wiki inayofuata uwanja ni mgumu na wastani ni 73.1, ukipiga 70, umewazidi kwa 3.1. Kama washiriki wa wiki hiyo ya pili ni wakali, wenye wastani wa kiwango cha 0.8 juu ya mchezaji wa kawaida wa ligi, raundi yako inahesabiwa 3.9. Raundi ya 70 imeshinda raundi ya 64 kwa mbali, na kila aliyecheza viwanja vyote viwili anajua kwamba hivyo ndivyo inavyostahili.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika gofu ya mtandaoni, na nadhani wengi wanaoanzisha ligi hawalitambui. Katika gofu ya uwanjani, mfumo wa handikapu wa dunia, yaani wa kupima uwezo wa mchezaji kwa mikwaju, ulioanza kutumika mwaka 2020 unategemea uwanja kuwa umepimwa na watu waliofunzwa kazi hiyo: kuna makadirio ya mikwaju ambayo mchezaji mahiri angetumia, na kuna kipimo cha ugumu kwa mchezaji wa kawaida, kinachoanzia 55 hadi 155, ambapo 113 ndiyo kawaida. Kwenye mchezo huu viwanja vingi vinavyotumika kwenye ligi vimebuniwa na wachezaji wenyewe kwa kifaa cha kutengenezea viwanja kilichomo ndani ya mchezo. Hakuna aliyevipima. Kimoja kina njia pana na grini (eneo la nyasi fupi kuzunguka shimo) tambarare, kingine kimejaa mabonde ya mchanga na grini zinazoteleza kila upande, na msimamizi anaweza kuongeza upepo na kasi ya grini apendavyo. Kulinganisha alama ghafi za viwanja hivyo ni kama kupima mchele kwa vibaba vya maduka mawili yasiyofahamiana. Kipimo pekee kilichopo ni namna wenzako walivyofanya siku zilezile, kwenye uwanja uleule, katika upepo uleule.

Ukurasa wa mchezaji ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila raundi ina mstari wake: jina la uwanja, kasi ya upepo, kasi ya grini, alama yako, wastani wa washiriki, tofauti, na uzito ambao raundi hiyo inabeba kwa sasa. Nilipofungua ukurasa wangu baada ya mfumo kubadilishwa, kamati ikiwa imezirudia hesabu za msimu uliopita, niliona raundi ya 74 kwenye uwanja wa majabali kando ya bahari, uliochezwa kwa upepo wa maili 20 kwa saa, ambayo chini ya mfumo wa zamani ilinipa nafasi ya tisa na pointi chache. Wastani wa wiki hiyo ulikuwa 77.6, na wote walioingia walikuwa wa nusu ya juu ya jedwali. Mstari huo sasa ndio bora kabisa katika ukurasa mzima. Chini yake kidogo kulikuwa na raundi ya 63 iliyonipatia pongezi nyingi wakati ule. Tofauti yake na wastani ni 1.1 tu. Taarifa ya namna hiyo humsaidia mchezaji kupanga mazoezi. Kwa upande wangu ilinionyesha wazi kwamba navuna mikwaju penye upepo na kupoteza penye viwanja vya kupiga birdie (mkwaju mmoja chini ya kawaida ya shimo) mfululizo, yaani tatizo langu ni kuputi, kuuviringisha mpira kwenye grini kuelekea shimoni, kutoka umbali wa kati, wala si mipigo ya kwanza.

Mechi za mtoano, za mtu kwa mtu na shimo kwa shimo, zina jedwali lake linalotumia hesabu za Elo, zile zilizobuniwa na Arpad Elo, mwanafizikia Mmarekani mzaliwa wa Hungaria, na kukubaliwa na shirikisho la dunia la sataranji mwaka 1970. Kanuni yake ni kwamba unapata au kupoteza kulingana na matarajio. Mwenye 1700 akikutana na mwenye 1500 anatarajiwa kupata takriban asilimia 76 ya ushindi. Kwa kiwango cha mabadiliko cha 20 kinachotumiwa na ligi hii, yaani kikomo cha pointi zinazoweza kubadilika kwa mechi moja, akishinda anaongezewa pointi 5 hivi, na akishindwa anapoteza kama 15. Hapa ndipo nina malalamiko. Kila mgeni huanza na 1500, hata kama ametoka ligi nyingine akiwa moto wa kuotea mbali, na kwa kuwa mechi za mtoano ni chache kwa mwezi, inamchukua muda mrefu kufika mahali pake halali. Wanaokutana naye katika kipindi hicho wanalipa gharama ya ujinga wa jedwali. Mfumo wa Glicko, uliobuniwa na Mark Glickman, ungefaa zaidi, kwa sababu unabeba pia kiasi cha mashaka kuhusu kila mchezaji: kiwango cha mgeni kinaruka haraka, na aliyeshindwa naye hapotezi kingi kwa kuwa mfumo unakiri kwamba haumjui bado. Pendekezo hilo liko mezani kwa kamati na naliunga mkono kwa nguvu zote.

Raundi zisizomalizwa zilikuwa kidonda kingine. Zamani mtu aliyeharibu mashimo manne ya kwanza alizima mashine, na raundi ikahesabiwa kana kwamba haikuwepo, kwa hiyo wastani wake ulibaki msafi. Sasa raundi iliyoachwa inahesabiwa sawa na alama mbaya kuliko zote zilizokamilika wiki hiyo, isipokuwa mara moja kwa msimu ambapo mtu husamehewa bila maswali. Kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, msamaha wa mara moja ni mdogo; mbili zingekuwa haki zaidi. Kuhusu intaneti sina neno baya. Mpigo wako unafanyika kwenye mashine yako na mipira ya wapinzani unaiona tu ikipita angani, kwa hiyo umbali wa seva hauamui mshindi kama unavyoweza kuamua katika michezo ya soka.

Lipo jambo ambalo hesabu hizi haziwezi kulitatua zenyewe. Toleo hili la mchezo liliingiza swingi (namna ya kupiga mpira) ya kubofya mara tatu, pamoja na ile ya kuvuta kijiti cha pedi iliyozoeleka tangu matoleo ya awali, na kila mchezaji huchagua aina ya mhusika, awe wa nguvu kama Powerhouse au wa kuputi kama Greensman, kisha huongezea fimbo zake vifaa vya kuziboresha. Ligi inawaweka wote kwenye jedwali moja. Tofauti za wahusika nazikubali, kwa maana kuchagua ni sehemu ya mchezo na kila nguvu ina udhaifu wake. Swingi mbili nazo ni ujuzi wa namna mbili, na ugumu wake unabadilika kulingana na mpangilio anaouchagua mtu. Kuweka safu moja tu kwenye jedwali inayoonyesha nani anatumia ipi, na kuruhusu msomaji kuchuja, kungetosha kuondoa ubishi unaozuka kila mwisho wa msimu.

Kwa ujumla naupa mfumo huu nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki nitaitoa siku jedwali la mtoano litakapojua kuwatendea haki wageni. Anayetaka kujiunga ajue kwamba kiwango chake hakitatangazwa hadi akamilishe raundi 10, na kwamba raundi hubaki na uzito kamili kwa wiki nane kabla ya kuanza kupungua hadi zifutike baada ya miezi sita. Kwa hiyo ni vema zile 10 za kwanza zichezwe kwenye viwanja vya aina tofauti, vyenye upepo na visivyo na upepo, na katika wiki ambazo jedwali la washiriki limejaa, kwa sababu wastani wa watu watano unayumbishwa na raundi moja mbovu ya mtu mmoja, ilhali wastani wa watu thelathini unatulia.