PayPal kwa kumuuzia mtu wa nje: naipa nyota 4 kati ya 5
Nimeuza lenzi ya kamera kwa mtu wa nchi nyingine kupitia PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, na kusema kweli ulinzi wao kwa muuzaji (usipoteze hela mnunuzi akilalamika) upo, ila una masharti na wengi hatuyasomi. Mzigo lazima uende kwenye anwani ileile iliyoandikwa kwenye muamala, uwe na namba ya kufuatilia inayoonyesha umefika, na malipo yakifika dola 750 wanataka na saini ya mpokeaji. Kwa hiyo mnunuzi akishalipa halafu akasema "naomba utume kwa binamu yangu", mwambie hapana, mrudishie hela alipe upya kwa anwani sahihi.

Kabla yake nilipata mnunuzi mwingine, tapeli, huyo hata bei hakuuliza, akataka kuongeza hela ili nimlipe wakala wake wa usafirishaji, mara naona imeingia barua pepe yenye nembo ya PayPal na kila kitu, imeandikwa malipo yako yamezuiwa mpaka utume namba ya mzigo. Moyo ulinidunda jamani. Nikaacha kubonyeza ile linki nikafungua akaunti mwenyewe, salio liko vilevile, hakuna kilichoingia! Hela angalia ndani ya akaunti yako tu, basi.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko, ni nyingi mno, risiti ya posta na picha za kufungasha mzigo usitupe kabisa.