Juma la Kubadilishana Wanafunzi Dodoma: Tathmini ya Mzazi

Binti yangu wa kidato cha tatu alishiriki juma la kubadilishana wanafunzi lililoikutanisha shule yake ya hapa Dodoma na wageni kutoka Ujerumani, nasi tukampokea mgeni mmoja nyumbani kwa siku sita. Siku iliyozaa matunda zaidi ni ile ya safari ya Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa kuwa wanafunzi walipangwa wawiliwawili, mgeni akieleza alichokiona kwa Kiswahili kichache alichojifunza na mwenyeji akieleza kwa Kiingereza. Binti yangu, ambaye huona haya mbele za watu, alisimama akazungumza. Ziara ya Bungeni ilikuwa fupi mno.

Kasoro iliyoniumiza ni kwamba waandaaji walitujulisha usiku wa kuamkia mapokezi kuwa mgeni wetu ana mzio wa karanga, ilhali mboga nyingi tunazopika, mlenda ukiwamo, huungwa kwa karanga. Ni mtoto wa watu; taarifa za afya zitolewe angalau wiki mbili kabla. Wakilirekebisha hilo, mwakani nitamwandikisha na mdogo wake.