Linux mpya, neti inajikokota: ubadili DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) au uzime ubanaji umeme wa waifai?
Angalia kwanza inakwamia wapi. Kama peji inachelewa kufunguka ila ikishaanza inashuka fasta, badili DNS, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye setingi za mtandao, dakika mbili umemaliza, ila usitegemee spidi ya kudaunilodi ipande maana DNS kazi yake kutafuta anwani tu basi. Mi naanzaga na waifai. Pingi ruta yako mwenyewe, yaani tumia amri ya ping kupima jibu linachukua muda gani kurudi, likirudi 3ms (milisekunde) halafu ghafla 200ms, mara nyingi kadi ya waifai inasinzia ili kubana umeme, kwenye Ubuntu fungua faili la default-wifi-powersave-on.conf, pale wifi.powersave = 3 weka 2, kisha restati. Yangu ilitulia hapo hapo, hata video hazikwami tena.