Vyungu vya udongo ndani ya tangi la samaki: uzoefu wangu

Kwa yeyote anayefuga samaki nyumbani hapa Mombasa, nampendekezea vyungu vidogo vya udongo visivyopakwa rangi. Vyangu nilivinunua Kongowea, kwa mama anayeuza mitungi na vetezo, na samaki wangu wa aina ya beta amefanya kimoja kuwa nyumba yake.

Kabla ya hapo nilinunua kasri la plastiki katika duka moja la mjini. Linavutia, lakini nilipolisugua kwa pamba yenye siki, rangi ya kijani iliganda kwenye pamba. Nikapitisha soksi ya nailoni kwenye madirisha yake, ikanasa. Beta ana mapezi marefu na laini. Panaponasa soksi, pezi huchanika. Kasri hilo halikugusa maji.

Chungu nacho kina matayarisho yake. Nilikisugua kwa brashi na maji matupu, kwani udongo hunywa sabuni na kuitoa baadaye ndani ya tangi, kisha nikakiloweka kwenye ndoo siku kadhaa nikibadilisha maji. Ukingo uliokwaruza niliulainisha kwa msasa. Nilikikalisha moja kwa moja juu ya kioo, mchanga ukakizunguka, ili samaki wakichimba kisiwaangukie. Vinyweleo vyake ndivyo ninavyovipenda zaidi: humo hukaa bakteria wanaobadilisha amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, kuwa naitraiti na hatimaye naitreti, isiyo na sumu kali kama amonia.

Wengi huniuliza kwa nini ninunue, ilhali pwani yetu imejaa matumbawe na makombe. Vitu hivyo ni chokaa. Vidondoshee siki, utaona povu. Ndani ya tangi huyeyuka polepole, vikaongeza ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka humo, na kupandisha pH, kipimo cha uasidi ambacho hupanda asidi inapopungua. Samaki wa Ziwa Nyasa watafurahi, maana kwao pH huwa karibu 8. Neoni tetra, samaki wadogo waliotoka mito ya maji laini ya Amazon, watateseka. Tena matumbawe hai ni makazi ya samaki wengine, na kuyang'oa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986, ni kosa.

Kasoro ya vyungu ni mwani, unaoshika haraka na kuvitia ukijani. Mimi huvipiga brashi ninapobadilisha maji. Ukinunua vya kupandia maua, tazama tundu la chini: samaki mdogo huweza kukwama hapo, kwa hiyo chagua kisicho nalo.