Kutembea juu ya barafu ya Sólheimajökull: nyota nne

Ziara hii ya siku moja kutoka Reykjavík, Aisilandi, niliilipia kwa sababu ya Sólheimajökull, ulimi wa barafu unaoteremka kutoka Mýrdalsjökull, kofia kubwa ya barafu. Chini ya Mýrdalsjökull imelala Katla, volkano ambayo mara ya mwisho ilipasua barafu mwaka 1918.

Hapo pesa yangu sikuijutia. Mwongozaji alihakikisha kila mtu amefungwa vyuma vyenye meno chini ya viatu, tukapewa helmeti na shoka. Badala ya kutukimbiza penye mandhari ya kupigia picha, akatusimamisha mbele ya vichuguu vyeusi vilivyochomoza juu ya barafu. Akakikwangua kimoja: ndani, barafu tupu! Majivu ya volkano yakiwa utando mwembamba hunyonya joto la jua na kuiyeyusha barafu upesi. Yakirundikana huikinga, basi ya pembeni inaisha na ile iliyofunikwa inabaki imeinuka. Akatuonyesha pia móberg, jiwe la kahawia linalotokana na volkano kulipuka chini ya barafu: lava ikikutana na maji hupasuka vipande vidogo kama chupa, ambavyo baadaye hushikamana. Maswali yangu yote aliyajibu, hata ya kijinga.

Kwenye basi mambo yalikuwa mengine. Tulikaa mno kwenye maporomoko ya Skógafoss bila neno lolote zaidi ya saa ya kurudi. Kumbe maporomoko yale yanaanguka kutoka jabali lililokuwa ufuko zamani, na leo bahari iko kilomita kadhaa kusini! Hilo nililijua kwa kusoma mwenyewe. Halafu ufuko wa Reynisfjara, penye nguzo za basalti (jiwe jeusi la volkano) zilizopasuka kwa pembe lava ilipopoa na kusinyaa, tukapewa dakika chache tu. Tahadhari ya mawimbi walau ilitolewa vizuri, maana yamewahi kuua watalii.

Anayetaka kuona ufa kati ya mabamba ya ganda la dunia, lile la Amerika Kaskazini na lile la Yurasia, yanayoachana kama sentimita 2 kwa mwaka, atafute ziara ya Þingvellir. Hii haipiti huko. Wala haifiki uwanda wa mchanga wa Skeiðarársandur, ambako vyuma vya daraja lililobomolewa na mafuriko ya 1996 bado viko kando ya barabara.

Vaa viatu vigumu vinavyofunika kifundo cha mguu. Vyuma vile havishiki kwenye raba laini.